Marisau ya chuma kwenye bunduki ya babu: shajara ya mradi, Mwanza

Bunduki ni mbili, zote za mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, zote geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu). Moja ni ya marehemu babu, kazi ya Liège, Ubelgiji. Aliuziwa na Mbelgiji mmoja aliyekuwa akifunga virago Urundi (Burundi ya leo). Niliirithi kihalali: ilikabidhiwa polisi kwanza, nikaomba leseni kwa jina langu, ndipo ikarudi nyumbani. Ya pili ni ya mjomba wangu wa Misungwi, ya Kiingereza, kongwe kuliko yeye, na leseni ni yake. Nataka kujua kama zinaweza kupiga marisau (vidonge vya bunduki) ya chuma, badala ya yale ya madini ya risasi, bila kuharibika na bila kutuumiza. Nitaongeza hapa kila hatua itakapokwisha, na gharama zake.

Juni 2, 2024. Kilichoanzisha

Shangazi alikuwa akisafisha bata mwitu jikoni. Alipopasua firigisi akakuta pamoja na mchanga vipande vitatu vya marisau, vimelika hadi vimekuwa bapa kama dengu. Bata humeza vijiwe vya kusagia chakula, na marisau yaliyolala kwenye matope ya mwambao au majaruba ya mpunga kwake ni kijiwe tu. Firigisi inayasaga, sumu inaingia kwenye damu. Ndiyo sababu Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi kwa ndege wa majini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwenye ardhi oevu mwaka 2023. Tanzania nayo ni mwanachama wa mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya, ambao umekuwa ukihimiza jambo hilo hilo kwa miaka mingi.

Lugha yetu inachekesha hapa. Risasi ni madini, na risasi ndiyo inayotoka bundukini. Kwa hiyo natafuta risasi isiyo na risasi. Ili nisichanganye watu, humu nitasema "risasi" kwa kile unachopakia, na "marisau" kwa vile vidonge vya ndani; "marisau ya risasi" ni vidonge vya madini hayo.

Juni 15. Kusoma alama

Nilivua mitutu, nikafuta grisi kwa mafuta ya taa, nikasoma mihuri ya chini kwa lenzi na tochi.

Ya babu imeandikwa vizuri: duara refu lenye herufi ELG chini ya taji, ambao ni muhuri wa ukaguzi wa Liège, na simba juu ya herufi PV, maana yake ilijaribiwa kwa baruti isiyotoa moshi. Kipenyo cha ndani kimeandikwa 18.4. Ua la yungiyungi, linalogongwa kwenye bunduki zilizojaribiwa kwa risasi za chuma zenye nguvu kubwa, halipo, wala sikulitegemea. Kwa hiyo bunduki hii, ikikubali chuma, itakubali cha kawaida tu. Kwa chuma hicho cha kawaida, geji 12, viwango vya Ulaya vinasema shinikizo lisizidi bari 740, kidonge kisizidi milimita 3.25, mwendo usizidi mita 425 kwa sekunde.

Ya mjomba imenipa shida. Kuna mtu zamani aliipiga msasa ili ing'ae, akafuta nusu ya mihuri pamoja na kutu. Naona taji, naona namba 12, urefu wa chemba (pale risasi inapokaa) hausomeki.

Kabla ya kurudisha mitutu nilifanya jaribio la kengele. Unaning'iniza mitutu kwa kamba, unaigonga taratibu kwa kijiti kikavu. Bunduki hizi mitutu yake imeunganishwa kwa lehemu katikati. Kama kiungo ni kizima zinalia kama kengele, kama kimeachia zinatoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Zote mbili zililia, na mjomba akaona nimemtengenezea kengele ya kanisa.

Juni 29. Kupima chemba (hapa nilikosea, soma kwa makini)

Chemba za bunduki kongwe nyingi ni milimita 65, na risasi nyingi za siku hizi ni za milimita 70. Mtego ni kwamba namba inayoandikwa kwenye risasi ni urefu wa ganda *baada* ya kupigwa. Kabla ya kupigwa mdomo wake umekunjwa ndani, kwa hiyo ganda la 70 lina urefu wa chini ya 60. Linaingia kwenye chemba ya 65 bila neno na bunduki inafunga "klap!". Ukifyatua, mdomo unakunjuka na kukuta tayari mtutu umeanza kubana. Njia inazibwa kidogo na shinikizo linapanda. Marisau ya risasi angalau ni laini, hubonyea yakapita. Chuma hakibonyei.

Nilikwenda kwenye karakana ya kukereza huko Nyakato, wanakofufua injini za mitumbwi, nikaomba fundi anikerezee kijiti cha alumini chenye alama kwenye 65 na 70. Fundi akauliza kipenyo, nikamwambia 19.8 ili kiingie kwa raha. Shilingi 12,000.

Kijiti kikaingia. Ya babu: kilipita 70 kwa milimita kadhaa. Ya mjomba: kikasimama kwenye 70 kasoro kidogo. Nikaandika kwenye daftari "zote 70, safi", nikampigia mjomba.

"Mpwa wangu, nilikwambia. Hiyo bunduki haijawahi kunikatalia kitu."

Julai 13. Kosa limegunduliwa

Usiku mmoja nikawaza: kwa nini ya babu ilipita 70? Kama chemba ni 70, kijiti kinapaswa kugota pale pale.

Jibu ni kipenyo. Mwisho wa chemba ya geji 12 una upana wa milimita 20.3 hivi, kisha kuna koni inayopungua taratibu hadi 18.4 au 18.5 ya mtutu. Kijiti changu cha 19.8 kilikuwa chembamba mno. Kilipita mwisho wa chemba kikaingia ndani ya koni kama milimita nne au tano kabla ya kugota. Nilikuwa napima chemba pamoja na kipande cha koni.

Nilirudi Nyakato, tukakereza kingine cha milimita 20.2, 15,000 nyingine. Matokeo mapya: ya babu, 70 kamili. Ya mjomba, 65.

Siku hiyo hiyo mjomba akanionyesha mfuko wa maganda yake ya zamani. Yote ni ya 70, na midomo yake imechanika na kusokoteka kama mswaki wa mti uliotafunwa. Bunduki ilikuwa inamlalamikia miaka yote hiyo. Haikumlipukia kwa sababu ilitengenezwa vizuri na marisau yalikuwa laini.

Ya mjomba imetoka kwenye mradi wa chuma. Mjomba alinuna siku mbili. Chemba inaweza kurefushwa, lakini unapunguza chuma mahali penye shinikizo kubwa kuliko pote, na kazi hiyo hudai bunduki ijaribiwe upya kwenye nyumba ya ukaguzi, na hapa kwetu hakuna. Sifanyi.

Julai 20. Kupima midomo

Mitutu mingi hubanwa kidogo mdomoni ili marisau yasitawanyike upesi. Mafundi huita choki (si ile ya pikipiki). Ni tofauti kati ya upana wa mtutu ndani na upana wa mdomo, kwa hiyo kupima mdomo peke yake kwa kalipa hakukuambii kitu kama mtutu uliwahi kusuguliwa ukapanuka. Fundi yule alinikodishia geji yake ya kupimia silinda kwa 20,000 kila ujio. Bunduki haikutoka mkononi mwangu, yeye alishika geji tu, na naomba yeyote atakayeiga afanye hivyo hivyo. Fundi wa injini si fundi wa silaha mbele ya sheria.

Kulia: ndani 18.4, mdomo 17.9. Choki 0.5, yaani nusu.
Kushoto: ndani 18.4, mdomo 17.4. Choki 1.0, yaani kamili.

Watu wengi huogopa bunduki ya zamani kupasuka huku nyuma, karibu na uso. Kwa risasi ya chuma ya kawaida, ndani ya chemba sahihi, huku nyuma hakuna jipya: shinikizo ni lile lile la risasi ya kawaida. Tatizo liko mbele. Marisau ya risasi yakifika kwenye choki yanabonyea na kupita kama watu kwenye mlango wa daladala. Ya chuma yanagoma, na kinachosogea ni mtutu. Linatokea pete, uvimbe mwembamba nje karibu na mdomo, na kwenye bunduki ya mitutu miwili uvimbe huo unaweza kuachanisha kiungo cha katikati. Ushauri wa kawaida ni nusu choki au pungufu. Kwa hiyo mtutu wa kulia unafaa, wa kushoto haufai. Bunduki moja, majibu mawili.

Agosti 3. Risasi zimefika, na gololi

Maboksi mawili ya 25 kupitia muuzaji mwenye leseni, kila moja 190,000. Geji 12, milimita 70, gramu 28, kidonge 3.25. Nilitaka 3.25 kwa sababu chuma ni chepesi: sentimita moja ya ujazo ni gramu 7.8 hivi, ya risasi ni 11.3. Kidonge kidogo cha chuma kinachoka upesi hewani, hivyo unapanda saizi moja au mbili.

Kuhakikisha ni chuma kweli, tumia sumaku, lakini iguse katikati ya ganda. Kitako cha ganda mara nyingi ni bati lililopakwa rangi ya shaba, kitashika sumaku hata kama ndani ni marisau ya risasi tupu. Mimi nilitumia sumaku ya spika mbovu.

Jirani yangu fundi baiskeli alishangaa bei. Akaniambia, kaka, fungua zile za zamani, toa marisau, jaza gololi zangu ndogo, nakupa bure. Namshukuru, ila hapana, na naandika hapa kwa sababu najua si yeye pekee mwenye wazo hilo. Marisau ya chuma ya kiwandani ni chuma laini, kimepozwa makusudi kisikwaruze. Gololi imekazwa kwa moto na ni ngumu mara kadhaa zaidi ya mtutu wa babu. Pili, risasi ya chuma ina kikombe kinene cha plastiki kinachozuia vidonge visiguse mtutu, na baruti yake ni tofauti. Huwezi kubadilisha kimoja ukaacha vingine.

Hasara ndogo: risasi tatu zililowa kwenye tumbo la mtumbwi nilipovuka kwenda Sengerema. Zile za marisau ya risasi ningezikausha. Za chuma zinashika kutu na vidonge vinaweza kugandana vikatoka kama donge moja. Nimezitenga, nimezirudisha kwa muuzaji aziharibu. Zimebaki 47.

Agosti 17. Jaribio la kwanza

Shambani kwa mjomba, taarifa imetolewa, watoto na ng'ombe wameondolewa. Kabla ya yote niliweka alama sita kwa kalamu nje ya kila mtutu, sentimita 15 za mwisho, nikapima kila alama kwa maikromita ya kuazima. Bila namba za kabla, namba za baadaye hazina maana.

Risasi tano za kwanza bunduki ilifungwa juu ya tairi la trekta, nikavuta triga kwa kamba nikiwa nyuma ya mwembe. Mtutu wa kulia tu. Nikapima: alama zote sita ziko pale pale.

Makosa mawili baada ya hapo.

La kwanza ni mawe. Hapa kwetu jiwe huliendei, linakufuata. Niliweka shabaha mbele ya mwinuko wa udongo, nikasahau jabali lililojitokeza pembeni kama mita 15 nyuma yake. Risasi ya sita, nikasikia "ting!" kwenye ndoo ya maji iliyokuwa karibu na mguu wangu. Marisau ya risasi yakigonga jabali hupondeka, mara nyingi yakafa hapo. Ya chuma yanarudi, na juu ya maji yanaruka vile vile. Nilikuwa nimevaa miwani ya fundi wa kuchomelea, ile ya kioo cheupe, ingawa mjomba alinitania nisiivae. Tukahamia kwenye kichuguu kikubwa, udongo mtupu, hakuna jiwe nyuma. Kichuguu kinameza kila kitu.

La pili ni mazoea. Miaka yote napakia mitutu yote miwili. Risasi ya tisa kidole kikateleza kwenye triga ya nyuma, na triga ya nyuma ni mtutu wa kushoto, ule wa choki kamili. Chuma kikapita pale nilipokataza kwa maandishi yangu mwenyewe. Nikasimamisha kazi. Maikromita ilisema hakuna kilichosogea. Nikauelekeza mtutu dirishani, nikauzungusha taratibu nikitazama kivuli ndani, maana pete huonekana kama kivuli kilichokatika. Hakuna. Risasi moja kwa kawaida haitoshi, madhara hujenga kidogo kidogo. Tangu siku hiyo chemba ya kushoto inakaa na ganda tupu lililojazwa mpira wa kandambili.

Septemba 14. Karatasi na maharage

Mita 30, karatasi za kaki, duara la sentimita 76 lililochorwa kwa msumari na kamba. Risasi tano za chuma, mtutu wa kulia. Wapwa zangu walitandaza karatasi kwenye mkeka, wakaweka harage moja juu ya kila tundu, kisha wakahesabu maharage. Hawakukosea. Mimi kwa kalamu nilikosea mara mbili.

Matundu ndani ya duara: 158, 166, 161, 171, 164. Wastani 164 kati ya vidonge 198 hivi, asilimia 83. Kwa kulinganisha, risasi zangu za zamani za gramu 32, zenye vidonge kama 204, kwa mtutu huo huo zilitoa wastani wa 153, asilimia 75. Chuma hakibonyei, vidonge vinabaki duara na kwenda pamoja. Nusu choki kwa chuma inafanya kazi karibu ya choki kamili kwa marisau ya risasi. Hiyo choki kamili ya kushoto haikuwa na faida yoyote kwangu hata kama isingekuwa na hatari.

Oktoba 12. Mtutu wa kushoto

Nilipata ruhusa ya kuisafirisha, nikaenda Arusha kwa fundi wa silaha mwenye kibali. Nauli kwenda na kurudi 96,000, kulala usiku mbili 50,000, kazi 280,000. Alipima unene wa kuta kwanza, akaridhika, kisha akaifungua choki kutoka 1.0 hadi 0.45. Hakugusa chochote nyuma ya choki. Nilimwonyesha kijiti changu cha 19.8. Akacheka, akafungua droo, akatoa viwili kama hicho alivyonyang'anya wateja.

Mwanza tena: risasi tatu kwa kamba, tano kwa karatasi. Wastani 161. Maikromita kimya.

Gharama hadi hapa: vijiti viwili 27,000, geji mara tatu 60,000, risasi 380,000, safari na kulala 146,000, fundi 280,000, karatasi na kamba 8,000. Jumla 901,000. Ungeanza na kijiti cha 20.2 ungeokoa 12,000 na aibu ya simu ya pili kwa mjomba.

Novemba 23. Kazini

Kibali cha ndege mkononi, asubuhi moja, kanga wawili, wote chini ya mita 30. Niliwaacha waliokuwa mbali zaidi, ambao zamani ningejaribu. Mitutu yote miwili nimeipima tena jioni, alama kumi na mbili, hakuna mabadiliko. Nimesafisha plastiki iliyoganda kwenye choki kwa brashi ya shaba. Hiyo ni kazi mpya, chuma huacha plastiki nyingi kuliko nilivyozoea.

Ya mjomba itakula marisau ya bismathi, madini mengine. Ni nzito kuliko chuma, laini, haidhuru choki za zamani, ila lazima ganda liwe la 65 na bei inauma. Bado natafuta.

Kitu kimoja sikukiwaza. Marisau ya risasi ukiyang'ata yanakubali, ya chuma hayakubali, na mjomba amebakiwa na meno ya kuhesabika. Shangazi akaenda ndani, akarudi na ile sumaku ya spika, akaipitisha juu ya sahani ya nyama kabla ya kumwekea. Ilitoka na vidonge vinne. Mjomba akaishika, akaigeuza, akasema hiyo sasa inakaa jikoni, wala nisiulize.